Tulilaumu omena ya shemeji yangu kwa kalsiamu ya Mama

Wakuu, habari za leo.

Sikuja kuomba ushauri, na huu si uzi wa kulia. Nimekuja kumsifu mtu wa kwetu. Nitaeleza mambo jinsi yalivyotokea, hata pale ambapo sisi wenyewe hatupendezi. Majina nimeyageuza, mengine yote ni kama yalivyo.

Kiswahili chetu huku ni cha shule na cha mjini. Nyumbani ni Ekegusii. Wa pwani na wa Tanzania mtanivumilia.

Mimi ni karani wa kituo cha kununua majani chai huku Manga, Nyamira. Napima magunia ya wakulima na kuandika. Kwa sababu hiyo, popote penye kikao kalamu huletwa kwangu, iwe ni kanisani, harusini au matangani.

Mama ni mjane wa miaka sitini na kitu. Tuko watoto watatu. Dada Moraa ndiye mkubwa, ameolewa Magwagwa. Anamfuata kaka Ombati, anayefanya kazi Mombasa. Mimi ni kitinda mimba, nyumba yangu iko upande wa pili wa shamba.

Mke wa Ombati ni Atieno. Kwao ni upande wa ziwa. Ni fundi cherehani soko la Nyakoe, na anaishi kwenye boma la Mama. Jioni akirudi kushona, yeye ndiye humpikia.

Alipoletwa nyumbani miaka ile, kuna watu walinung'unika. Mnajua mambo ya Mjaluo na Mkisii. Mama hakunung'unika. Alimwita "mokamwana", yaani mke wa mwanangu, na ukimsikia ungedhani anamwita binti yake wa kumzaa.

Basi mwaka juzi Mama akaanza kuchoka.

Mimi niliona kwenye daftari la kituo kabla sijaona usoni kwake. Mtu aliyekuwa analeta kilo kumi na tano za majani kwa siku akaanza kuleta nane, halafu tano. Nikasema ni uzee. Karani mzima, nina ushahidi mkononi, nikasema ni uzee.

Hamu ya chakula ikaisha. Hapo ndipo Atieno akaanza kumtengenezea uji wa wimbi uliochanganywa na omena. Kwa wasiojua, omena ni dagaa wa ziwani. Alikuwa anazikausha vizuri, anazipeleka posho mill, zinasagwa pamoja na wimbi. Kwao ndivyo wanavyomwinua mgonjwa au mtoto aliyedhoofika.

Mama hakuupenda.

"Mokamwana, hizi omena hata zikisagwa bado zinanikodolea macho."

"Basi wewe fumba yako, Mama, unywe."

Akacheka, akanywa. Nilikuwepo.

Wiki chache baadaye nilipita asubuhi kumsalimia, akaniuliza kama baba yenu ameshalisha ng'ombe. Baba alifariki zamani. Nikampigia Moraa simu palepale mlangoni.

Siku hiyo hiyo mimi na Moraa tulimpeleka hospitali moja Kisii mjini. Atieno alibaki na ng'ombe na nyumba.

Kidogo niwachekeshe. Pale kitandani Mama alikuwa analia, "Baba! Baba!" Daktari kijana kutoka mbali akaandika kwamba mgonjwa anamwita babake. Nesi wa kwetu akacheka, akamwambia, "Daktari, kwa Ekegusii baba ni mama. Baba tunamwita tata." Ikabidi afute.

Lakini kosa kubwa lilikuwa letu.

Daktari aliuliza: anakunywa maji kiasi gani? Anakojoa mara ngapi? Choo anapata?

Wakuu, hapa lazima niwaeleze kitu. Kwetu kuna chinsoni. Ni heshima yenye aibu ndani yake, kati ya mzazi na mtoto aliyekomaa. Mwana wa kiume aliyeoa haingii chumba anacholala mamake. Hamwulizi habari za choo. Hata kufikiria ni vibaya. Kwa hiyo nikaangalia dari. Nikamwangalia Moraa, naye akasema, "Mimi nimeolewa mbali, sijui ya kila siku."

Daktari akangoja. Mwishowe nikasema, "Ni kawaida tu."

Neno hilo likaingia kwenye faili: kawaida.

Vipimo vya damu vikarudi. Kalsiamu ilikuwa juu sana. Daktari akasema ndiyo inayomvuruga akili na kumchosha. Akawekewa dripu za maji, chupa baada ya chupa. Siku ya tatu Mama akafungua macho akauliza nani amekamua ng'ombe. Tukajua amerudi.

Wakati wa kutoka, daktari alitupa tarehe ya kurudi baada ya wiki tatu kwa vipimo zaidi. Akauliza pia kama Mama anameza vidonge vya mifupa, au ana chakula cha kalsiamu nyingi.

Moraa akaruka. "Omena!"

Daktari akasema, "Mpumzisheni hiyo na maziwa kwanza, tuone." Nataka mnielewe hapa. Hakusema ni omena. Sisi ndio tuliosema.

Jumapili ikaitwa kikao nyumbani. Baba mdogo alikuwa mwenyekiti. Ombati alikuwa kwenye simu, spika imefunguliwa. Mimi nikapewa kalamu kama kawaida. Atieno alisimama karibu na mlango.

Moraa ndiye alianza. "Samaki mdogo anasagwa na mifupa yake yote, anaingizwa kwa mtu kila siku. Mifupa ni nini kama si kalsiamu? Huyu anamjaza Mama mawe."

Ukiisikia haraka, ina akili. Hata mimi niliona ina akili.

Halafu mtu mmoja pale ndani, sitamtaja, akaguna neno "sumu".

Huku kwetu neno kama hilo halichezewi. Likishatoka mdomoni linatembea kwa miguu yake, na kuna watu wamepoteza boma, na wengine zaidi ya boma, kwa sababu ya neno tu. Ombati kwenye simu alipiga kelele, "Nani amesema hivyo? Nani?" Mtandao ukakatika.

Baba mdogo akatoa uamuzi. Omena ikome. Atieno asimpikie Mama, asiingie kwake, asiende hospitali. Moraa aje amtunze kwa hizo wiki tatu. Mama akipona bila omena, basi tutajua, na Atieno atarudi kwao asiwe wa boma hili tena.

Nikaandika. Mkono wangu wenyewe.

Atieno hakulia. Aliuliza, "Shemeji, unaandika yote au unaandika ya kwao tu?"

"Naandika yote."

"Basi andika: Atieno amesema kiu ilianza kabla ya omena. Andika tena: kuna na mengine, lakini si ya kusema mbele ya wanaume wa nyumba hii. Nitamwambia daktari."

Moraa akamkata. "Daktari wa nani? Umeambiwa huendi."

"Nimesikia, wifi. Mimi namwambia anayeandika."

Nikaandika hayo pia, namba sita kwenye kumbukumbu. Sikuamini kwamba yatasaidia. Niliandika kwa sababu yalisemwa kikaoni, na kilichosemwa kikaoni huandikwa. Hiyo ndiyo sehemu yangu pekee ya kujivunia katika habari hii, na ni ndogo.

Moraa alimtunza Mama vizuri, nisiseme uongo. Alimwogesha, alimpikia mboga za managu na ugali laini. Hakuna omena, hakuna maziwa, chai ni ya rangi. Vidonge hakuna. Wiki ya kwanza Mama alionekana ana nafuu, na Moraa akaandika kwenye group ya familia, "Mnaona sasa?"

Siku hizo Atieno alipita kwenda Nyakoe asubuhi bila kuangalia upande wa nyumba ya Mama. Alijaribu kumpigia Moraa mara kadhaa. Moraa hakushika simu.

Wiki ya pili kiu ikarudi, akaanza kutapika. Ya tatu akawa analala mchana kutwa, ukimwamsha anaongea maneno yasiyoshikana. Hatukungoja tarehe, tukamrudisha hospitali.

Kalsiamu ilikuwa juu kuliko mara ya kwanza.

Safari hii tulikutana na daktari mwingine, bingwa, mama mmoja mtulivu anayesoma faili ukurasa kwa ukurasa. Akamwuliza Moraa Mama alikuwa anakula nini. Moraa akataja kimoja kimoja.

"Omena?"

"Hata macho yake hajayaona."

"Maziwa? Vidonge?"

"Hakuna, daktari. Naapa."

"Sawa. Sasa mtu hawezi kupandishwa kalsiamu na uji ambao hanywi."



Daktari akageuza ukurasa. "Hapa imeandikwa kukojoa ni kawaida. Nani alisema kawaida?"

Nikainua mkono kama mtoto wa darasa la pili.

"Unajua?"

"Sijui, daktari."

"Kiu ilianza lini?"

Moraa akasema, "Baada ya ile omena."

Nilikuwa na daftari la vikao mfukoni mwa koti, natembea nalo. Nikalitoa. Nikasema, "Daktari, kuna mtu alisema ilianza kabla." Nikamsomea namba sita, pamoja na pale penye "kuna na mengine".

Akavua miwani. "Huyu mwenye mengine yuko wapi?"

"Nyumbani."

"Kwa nini yuko nyumbani?"

Wakuu, nilifunga daftari nikalirudisha mfukoni.

"Mpigieni."

Atieno alikuja na boda boda moja kwa moja kutoka sokoni, tepu ya kupimia bado iko shingoni na pini zimechomekwa kwenye kola. Alimsalimia Moraa kwanza. Moraa akaangalia dirisha. Daktari akanitoa nje mimi, akabaki na wanawake.

Niliyoyajua niliambiwa baadaye, na Mama mwenyewe ameniruhusu niyaandike hapa. Amesema, "Andika, labda kuna mwingine mjinga kama wewe."

Atieno alieleza kwamba kabla hata ya kupanda mahindi msimu ule, Mama alikuwa anaamka kukojoa mara tano, mara sita, na jagi la maji kando ya kitanda linaisha kabla hakujakucha. Choo kilikuwa kinakaa siku nyingi. Akatoa kwenye mkoba daftari lake la vipimo vya wateja. Gauni la Mama la kanisani alikuwa amelipunguza kiuno mara mbili, kila mara na tarehe yake, na mara ya kwanza ilikuwa kabla ya uji wa kwanza.

Halafu akasema lile alilokatazwa. Mara mbili aliona mkojo wa Mama una damu. Mama alimwapisha. "Nikifa nife, lakini wanangu wa kiume wasisikie habari za mkojo wangu."

Huyu mwanamke alikuwa tayari kurudishwa kwao na jina la sumu mgongoni, kuliko kuvunja heshima ya mama mkwe wake mbele ya watu wasiostahili kusikia. Alitaka daktari tu. Na daktari ndiye tuliyemnyima.

Siku hiyo hiyo Mama akapigwa ultrasound. Kwenye figo la kushoto kulikuwa na uvimbe wa ukubwa wa avokado.

Sasa wakuu, mimi nilikuwa na swali. Uvimbe uko kwenye figo, kalsiamu iko kwenye damu. Vinajuanaje? Nikamwuliza daktari. Alinieleza hivi, nami niliandika palepale.

Shingoni tuna tezi ndogo sana zinazotoa homoni iitwayo PTH. Homoni hiyo ni kama barua ya chifu. Ikifika kwenye mifupa inasema, "Fungueni ghala, toeni kalsiamu kidogo." Ikifika kwenye figo inasema, "Msiitupe kwenye mkojo." Kalsiamu ikitosha, chifu anaacha kuandika.

Kuna uvimbe mwingine unajifunza kuandika barua inayofanana na ya chifu. Si homoni yenyewe, ni kitu kilichofanana nayo, na muhuri wake unakaribia kuwa ule ule. Mifupa haijui kusoma, inaangalia muhuri tu. Inafungua ghala. Mafigo nayo yanatii. Kalsiamu inajaa kwenye damu, na hiyo ndiyo inaleta kiu, mkojo mwingi, choo kigumu, kutapika na kuchanganyikiwa.

"Na chifu mwenyewe?" nikauliza.

"Chifu anaona ghala limefurika, amenyamaza. Ndiyo maana tulipopima PTH ya mama yako tuliikuta chini kabisa. Kalsiamu juu, chifu kimya. Basi jua kuna mwingine anaandika, na kama si chakula wala dawa, unamtafuta. Tungemtafuta kwa muda mrefu, lakini huyu mke wa ndugu yako ametuonyesha mlango."

Atieno alikuwa amesimama nyuma yangu. Akauliza polepole, "Kwa hiyo, daktari, si omena?"

"Si omena. Mimi mwenyewe nimekula jana, na kesho nitakula."

Moraa akatoka nje. Nilimkuta kwenye ukuta anajipangusa uso na leso. Mimi pia nilikuwa na saini yangu kwenye lile azimio.

Mama akawekewa dripu za maji tena, na safari hii dawa nyingine ya mshipa ya kuizuia mifupa isiachie kalsiamu. Daktari alituambia wazi kwamba dawa hiyo inatuliza kwa muda tu, mwandishi wa barua bado yuko ndani. Picha ya CT ikaonyesha uvimbe haujaenda kwingine. Tukapewa rufaa kwenda hospitali ya mji mwingine kufanyiwa upasuaji.

Akatolewa figo zima. Ilikuwa saratani, maabara ilithibitisha. Siku chache baada ya upasuaji kalsiamu ilishuka ikawa ya kawaida, na safari hii ni kawaida iliyopimwa, si ya mdomo wangu.

Mpaka leo haijapanda. Bado anaenda kliniki kwa picha kila baada ya miezi kadhaa, kwa sababu daktari hajatuambia imeisha, ametuambia tuendelee kuangalia. Majani ameanza kuchuma tena, kidogo kidogo. Jana alileta kilo saba, akagombana na mimi kwamba mizani yangu inamwibia.

Narudi kwenye uzi, nilikuwa kituoni. Naona mkuu mmoja ameuliza kwenye comment kama Moraa aliomba msamaha.

Kwa mdomo, sijasikia. Alichofanya ni hiki. Alitoka Magwagwa na kitambaa kizuri, akaenda moja kwa moja Nyakoe kwenye cherehani ya Atieno, mbele ya soko zima, akasema anataka gauni. Mafundi wa pale wananiambia Atieno alimtazama, halafu akachukua tepu. "Inua mikono, wifi." Moraa akainua. Kule sokoni kila mtu alijua ile mikono imeinuliwa kwa nini.

Baba mdogo naye alifuta azimio kwenye kikao cha pili. Mimi ndiye niliandika, na sijawahi kuandika kwa hati nzuri kama siku ile. Ombati alikuja kutoka Mombasa kwa ajili hiyo. Na yule aliyeguna neno lile alisimama akalirudisha mwenyewe, mbele ya wote.

Mimi si daktari. Kalsiamu kupanda kuna sababu nyingi, nyingine si saratani kabisa, kwa hiyo msiende kumtisha mama yenu kwa sababu ana kiu. Ila kama kiu haiishi, mkojo ni mwingi, choo kimegoma na mtu anachanganyikiwa, mpelekeni apimwe. Mkojo ukiwa na damu hata mara moja, nendeni. Na mkifika, msiseme "kawaida" kwa jambo msilolijua. Semeni hamjui, halafu mtafuteni anayejua.

Chinsoni siichukii. Ni heshima yetu, na imetulea. Lakini nimejifunza kwamba heshima inayonifunga mimi mdomo isimfunge daktari masikio. Kila mzazi ana mtu mmoja anayezijua siri za mwili wake. Huyo ndiye apande gari la hospitali. Sisi wengine tunaweza kubaki na ng'ombe.

Siku ya kulazwa kwa upasuaji, karani wa hospitali alikuwa anajaza fomu, akafika penye jina la mtu wa karibu. Mimi nilikuwa nimeshafungua mdomo nitoe langu. Mama, akili yake imetulia kabisa, akaniwahi.

"Andika Atieno."

Karani akauliza, "Ni binti yako?"

"Ni mokamwana wangu. Hawa wengine ni watoto tu."

Wakuu, nimemaliza. Sasa niambieni na ninyi: kwenu ni nani anayejua mama anaamka mara ngapi, na lini mlimwuliza?